Rele ya frigo ya mama

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika kumi za mchana, umeme uliporudi na frigo ya jirani ikafa. Tuliisikia kupitia ukuta. Ikanguruma, ikanyamaza, kisha jirani mwenyewe akalia kuliko frigo. Mama alikimbia kuchomoa yetu, akakaa juu yake kama kuku juu ya mayai.

Mwaka ule, Lubumbashi, vitu viliharibika kwa zamu. Askari walikuwa wamepora maduka. Papa, yaani baba yangu, fundi wa umeme kule wanakoyeyusha shaba, alikwenda kazini asubuhi na saa tano alikuwa nyumbani, kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Tulikula kwa ile frigo. Mama aligandisha samaki wa Kilwa, ile ya kwetu ziwani, akawauza mlangoni. Jumamosi mfanyabiashara mmoja wa Kivu, mwenye lori, angemletea vikasha vinne. Akikuta frigo haifanyi kazi, angepeleka samaki wake kwa mama mwingine, na kwetu asingerudi tena.

Kukatika kwa umeme hakukuua frigo. Iliyoua ni namna ulivyorudi: unakuja kwa nguvu, unakwenda, unakuja tena, na mota haijapumua. Hilo nililijua. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mbele ya wageni sikuweza hata kusema jina langu, lakini fizikia niliipenda. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu wa Kasai, na watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mkoani kwetu. Alipokwenda kungoja treni aliniachia katoni yenye transfoma ndogo, transista, rele mbili, kibao kilichopakwa shaba upande mmoja, na chupa ya dawa inayokula shaba. Nilisema tu, "Merci, Monsieur," nikaangalia viatu vyake. Mpaka leo naona haya.

Rele ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Nilipanga hivi: umeme ukirudi, kibao kingoje dakika tatu kwanza, ndipo sumaku ivute na frigo iwake.

"Mutoto," mama akasema, "ile kintu yako isiniuwie frigo."

Jumatano nilichora njia za umeme juu ya shaba kwa rangi ya kucha ya yaya, dada yangu mkubwa, kwa sababu dawa haili palipopakwa. Yaya, aliyeitunza kwa ajili ya harusi, alikuta chupa iko nusu.

"Kumbe frigo njo inaenda ku mariage," akasema. "Mi nitaenda na kucha ya bule, bila rangi."

Nikatumbukiza kibao kwenye sahani ya plastiki. Shaba ikaanza kuyeyuka, maji yakawa ya kijani. Papa alisimama akiangalia, mikono mgongoni.

"Mi maisha yangu yote natoa shaba mu majiwe," akasema. "Weye unairudisha mu mayi."

Lakini alivuta kiti. Alhamisi yeye alishika, mimi nikalehemu. Transista ya kwanza niliigeuza, ikatoa moshi mwembamba na harufu ambayo yaya alisema ni ya dhambi. Ya pili ilikubali. Ijumaa mchana tukachomeka kila kitu. Tukangoja. Dakika tatu, halafu, tak, frigo ikaanza kuguna polepole. Mama akacheka, akaenda kuwaambia majirani. Kabla hajarudi, wawili walikwishaagiza vibao vyao.

Saa kumi na mbili jioni Lubumbashi nzima inapika bukari, ugali wetu, na wakati ule, makaa yakiwa ghali, nyumba nyingi zilipikia resho ya umeme. Balbu ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Ndipo rele yangu ikaanza: tak-tak-tak-tak-tak, na frigo inashtuka kila mara. Mama akaichomoa.

"Njo ile courant ya bulozi," akasema, kana kwamba umeme umerogwa. "Haiko kosa ya mutoto."

Nami nikanyamaza. Naandika ukweli: nilinyamaza muda wote wa kusonga bukari. Kosa lilikuwa langu. Nilikijaribu kibao mchana, hakuna anayepika. Jioni umeme ni dhaifu, na frigo ikiwaka unashuka zaidi, basi rele inaachia. Ikiachia, frigo inazima, umeme unapanda, rele inavuta tena kabla dakika tatu hazijahesabiwa upya. Kibao changu kingeua frigo vizuri kuliko umeme wenyewe.

Nilimwambia papa kwanza, nikiangalia sahani. Aliendelea kutafuna.

"Ku kazi," akasema, "mashini ikizimaka, hairudiake yeye moya. Muntu anakuya, anaangalia, anabonyeza. Weye ulitaka mashini ikuwe na akili. Akili ikuwe nayo muntu."

Alileta kitufe cha kengele ya mlango. Tukaongeza rele ya pili na waya tatu, ili umeme ukishuka kibao kiachie na kisirudi mpaka mtu abonyeze, balbu ikiwa nyeupe. Saa mbili usiku, watu walipomaliza kupika, nilibonyeza. Frigo ikaguna, ikatulia. Kisha nikamwambia mama yote, hata lile la kunyamaza. Akaniuliza:

"Sasa ile ya majirani?"

"Bangoje kwanza, mama."

Asubuhi lori lilisimama mlangoni. Yule mfanyabiashara aliteremsha vikasha vinne, barafu imeshaanza kuyeyuka, akauliza kama frigo yetu ni nzima. Mama akaninyooshea kidole.

"Uliza huyu," akasema. "Njo fundi wangu."

Nilijificha nusu nyuma ya mlango. Samaki wa vikasha vinne kwa mara moja, na kila jioni frigo imezimwa kwa muda wa saa mbili: wasingeganda, wangeoza wote.

"Bibili, papa," nikamwambia mgeni kwa heshima, nikionyesha vidole viwili. "Bine hapana."

"Bibili tu? Na hii ingine?"

"Ulete kesho kutwa. Hii ikisha kuganda."

Akamwangalia mama, mama akaangalia barabara. Akacheka kidogo, akarudisha vikasha viwili kwenye lori akaviuze kwingine, akasema atapita Jumatatu na vingine. Nilishika kikasha cha kwanza upande mmoja, mama upande wa pili, tukakiingiza ndani. Halafu nikaenda kwa wale majirani wawili, mmoja mmoja, kuwaambia wenyewe kwa nini wangoje.