Kwenda Kuangalia Mawe

Miaka michache baada ya uhuru, mume wangu alipelekwa Uingereza kusomea utawala kwa mwaka mmoja, na mimi nikaruhusiwa kumfuata. Wanawake wenzangu wa Tabora walinionea wivu. Laiti wangejua kwamba nilikuwa napelekwa kutazama mawe.

Tulipangishwa chumba kwa mwalimu mstaafu na mkewe, katika kijiji kilicho mbali na mji. Walikuwa watu wema, hilo siwanyimi. Walituongezea blanketi, wakajifunza na neno shikamoo. Kila asubuhi wazee wale wenye mvi walituamkia sisi, umri wa watoto wao, na mume wangu badala ya kuwaelekeza alikuwa anaitikia marahaba huku amekunja gazeti. Nilikuwa naona aibu mpaka chai inanishinda.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mateso. Mara ya kwanza tuliendeshwa mbali sana, tukaacha gari kwenye matope, tukapanda kilima mvua ikitupiga usoni. Kule juu palikuwa na jiwe limekaa juu ya jiwe jingine. Basi. Mzee alivua kofia yake, akatueleza kwamba upepo na mvua ndivyo vilivyoyachonga, na kwamba watu wa zamani waliamini ni shetani aliyelipandisha lile la juu. Kiingereza changu cha shule ya kati kilinitosha kuelewa, ila sikuelewa kwa nini tulikuwa tunalowa.

"Haya si ndiyo tunayoanikia makopa kwetu?" nikamuuliza mume wangu kwa Kiswahili.

"Nyamaza," akasema. "Wanatuonyesha urithi wao."

Ukitoka Tabora mjini ukapita Ntalikwa ukaendelea, mawe ya namna hiyo utayachoka. Wanawake huanika mihogo iliyomenywa juu yake, mbuzi hulala, watoto huteleza mpaka kaptula zinatoboka. Hakuna anayeyavulia kofia.

Jumamosi nyingine tulipelekwa pangoni, tukainama kama wezi ili tuone maji yanavyodondoka. Nyingine ilikuwa ngome isiyo na paa. Nikamuuliza mzee ni adui gani aliyeibomoa. "Sisi wenyewe," akajibu kwa furaha, "tulipopigana sisi kwa sisi." Na walikuwa wamemweka mlinzi, mtu mzima mwenye sare, kazi yake kuzuia watu wasipande juu ya ukuta ambao wao wenyewe waliuvunja.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni barabara. Ilikuwa barabara ya kale ya majeshi, sasa nyasi tupu, na Waingereza waliitembea toka asubuhi mpaka jioni wakiwa na mikoba mgongoni yenye mkate na vitambaa vya kukalia. Walikuwa wakipishana wanasalimiana kwa uchangamfu, kama watu wanaotoka kazini. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alitoka Unyanyembe mpaka pwani na pembe ya ndovu begani, na bega lake lilikuwa gumu kama kisigino. Katika masimulizi yake yote sikuwahi kumsikia akisema mandhari ilipendeza. Alitaja palipokuwa na maji, na alitaja wenzake walipozikwa. Nilimkumbuka siku ile nilipomwona mume wangu, mjukuu wa wapagazi vilevile, akishika fimbo aliyoazimwa na kuvuta pumzi kwa kelele ili mzee asikie kwamba anafurahia hewa.

Alirudi Tabora na buti, fimbo yake mwenyewe, darubini, na chupa ya chai yenye kifuniko cha kunywea. Nchi ilikuwa imeshaingia kwenye Ujamaa. Wenzake wa ofisi ya mkoa walikuwa wanashindana nani atalima bustani ya ofisi mbele ya bosi na nani atatoa hotuba ndefu zaidi. Yeye akaanzisha chama cha matembezi. Mwanachama aliyempata ni mmoja, ofisa mwenzake mnene, mtu ambaye alikuwa hatoki hata uani bila viatu kung'aa, akaja na mkewe. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa mwanachama kwa ndoa.

Tulianza na magofu ya majumba ya kale nje ya mji, yale waliyojenga Waarabu zamani za misafara. Mume wangu alisimama mbele ya ukuta wa udongo ulioliwa na mchwa akatuhutubia, na yule mwenzake akaitikia kwa kichwa akiwa anatafuta kivuli kwa macho. Nilikulia katika mitaa ya mafundi wa Tabora. Baba yangu alikuwa seremala, na milango miwili ya nyumba zile alishaitengeneza. Baba alipowaongelea wenye nyumba alikuwa anaongelea mbao na misumari. Hakuna aliyemwambia kwamba lile ni gofu la kutembelewa.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Redio ilikuwa inaimba kutwa. Kila aliyekuwa na jamaa shamba alijua maana yake: Landrova ya serikali inakuja, wanashuka watu wenye karatasi, wananyoosha mikono huku na huko, na baada ya muda mnaambiwa mbebe vyombo. Hata mpika maandazi wa mtaani kwetu alikuwa anaijua habari hiyo. Mume wangu, aliyekuwa anakaa kwenye mikutano yenyewe, Jumapili moja aliazima Landrova ya ofisi, akakunjua ramani juu ya meza ya chakula, akasema tunakwenda kupanda jabali moja mbele ya Ntalikwa, karibu na njia ya zamani ya msafara.

"Leo?" nikamuuliza. "Na gari la serikali?"

"Mama watoto, tunakwenda kuangalia tu."

Nikakaanga chapati. Tukaondoka.

Chini ya jabali palikuwa na kaya zilizotawanyika, kila moja na shamba lake la mihogo. Dereva alisimamisha gari kwenye uwanja wa kaya ya kwanza. Mama mmoja alikuwa anapepeta mtama. Aliliangalia gari, akaangalia buti za mume wangu, akaweka ungo chini taratibu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kinyamwezi na kilikuwa kimenyooka. "Mnatuhamisha lini?"

Mume wangu akacheka. Ndiyo, alicheka. "Hapana mama. Hatukuja kuhamisha mtu. Tumekuja kuangalia hilo jiwe."

Yule mama akageuka akalitazama jabali kana kwamba limetokea asubuhi ile. "Limefanya nini?"

"Halikufanya kitu. Tunataka kuliangalia tu. Tupande, tupumzike, tuone nchi."

Mama alitufuata kwa macho tulivyokuwa tunapanda: ofisa mmoja na fimbo, mwingine anahema na kitambaa shingoni, wake zao na kikapu. Kule juu mume wangu akatoa darubini, akaangalia mashamba moja baada ya jingine. Akakunjua ramani. Yule mwenzake, kwa kuwa alikuwa amesimama na hana la kusema, akanyoosha mkono kuelekea barabarani akasema kule pangefaa kujengwa shule. Mume wangu akanyoosha mkono wake upande wa pili kumwonyesha njia ya msafara ilikopita. Nilikuwa nimekaa nawaangalia. Ungesema wamelipwa waigize ndoto mbaya ya wale watu walioko chini.

Tulikuwa tunamimina chai nilipoona wanawake wakitoka na majembe. Wakaingia mashambani wakaanza kung'oa mihogo. Sikudhani ni ya kuvuna, maana shina moja lililokuwa karibu na jabali niliona lilichotoa: mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Upande mwingine mbuzi alilia, akanyamaza. Kisha mwingine.

"Wanafanya sherehe?" akauliza mke wa yule ofisa, chapati mkononi.

Nikashuka. Yule mama alikuwa shambani kwake, amejifunga kanga kiunoni, anarusha mihogo nyuma yake bila kuangalia inakoangukia.

"Mama, acheni. Haki ya Mungu hawakuja kwa hilo. Ni mume wangu, anapenda kupanda mawe."

"Mumeo anafanya kazi wapi?"

Nikamwambia ukweli, ofisi ya mkoa.

"Basi," akasema, akaendelea kung'oa. "Kule kwa dada yangu walisema wamekuja kuhesabu miti. Tukiacha chakula ardhini mtakuja kukila ninyi."

Mume wangu naye alikuwa ameshashuka, na alipoona watu wamekusanyika akafanya kitu pekee alichokijua. Alipanda juu ya kichuguu, akasafisha koo, akaanza: "Ndugu wananchi, msiwe na wasiwasi!"

Hakuna neno lililowahi kuwatia watu wasiwasi kama hilo. Wanaume waliokuwa wamesimama wakaondoka mmoja mmoja kwenda kufungua ng'ombe. Kadiri alivyoeleza uzuri wa mahali pale, kwamba serikali inathamini mazingira yao, kwamba jabali lile ni hazina, ndivyo majembe yalivyoongeza kasi. Mwenzake alikuwa ameshaingia kwenye gari anafuta viatu.

Njiani kurudi mume wangu alinuna. "Watu wetu bado," akasema. "Hawajui thamani ya walicho nacho."

"Wanajua," nikamwambia. "Ndiyo maana wameking'oa."

Hakunielewa, na sikujisumbua kumweleza. Kuna wanaume ambao elimu imewaingia kama maji kwenye chujio, wanalowa tu.

Habari zilitufikia mjini kupitia kwa mwanamke aliyekuwa akituuzia mkaa, mkwe wa kaya mojawapo. Nusu ya watu wale walikimbilia porini na mifugo yao. Mihogo ile michanga ilioza, mbuzi waliliwa kwa pupa, na msimu uliofuata walikuwa wanaomba chakula kwa majirani ambao nao hawakuwa nacho. Nilimwambia mume wangu mezani. Alisema ni mambo ya uvumi, akaomba chumvi.

Baadaye wahamishaji wa kweli walikwenda. Mgambo waliezua nyumba, na watu, hata waliokuwa porini, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, bila mti, kisima mbali. Wakubwa hawakuhitaji ramani ya mume wangu kufanya hivyo. Na chama chake? Serikali ilipokataza magari kutembea Jumapili mchana, chama cha watu wapendao kutembea kwa miguu kikafa kwa kukosa gari.

Mara ya mwisho kupita kule tulikuwa tunakwenda msibani kwa shangazi yangu, siku ya kazi, tumepewa lifti na gari la ofisi. Kaya zilikuwa kuta tu, nyasi zimeota mlangoni. Mume wangu akamgusa dereva bega.

"Simama kidogo. Magofu hayo nayaona yamekaa vizuri. Mama watoto, shuka uone."

"Shuka wewe."

"Dakika moja tu."

"Nimesema shuka wewe. Kama mahali hapa unapaona magofu, mimi sina la kuona nikiwa na wewe."

Dereva akaangalia usukani. Mume wangu akashuka peke yake, na suti yake ya msibani, akazunguka zunguka ndani ya kuta akiwa amefunga mikono nyuma kama yule mzee wa Uingereza. Alirudi ameshika kipande cha chungu, ameridhika, akakiviringisha kwenye leso.

"Cha kale hiki," akasema.

Nikakichukua nikakigeuza. Masizi yalinibaki vidoleni. Kilikuwa kimetoka jikoni msimu ule uliopita, na huenda ndani yake ulipikwa ugali wa mwisho kabla hawajaezuliwa. Nikamrudishia, nikajifuta kwenye kanga, tukaenda kumzika shangazi.

Tulipofika nyumbani alikiweka kwenye kabati la sebuleni, katikati ya vikombe vya harusi yetu, akawa anawaonyesha wageni. Nilivumilia wiki hiyo. Siku moja nikifagia nilikitoa nikakitupa jalalani pamoja na maganda. Aliporudi kutoka kazini akakiulizia.

"Nimekitupa," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kichafu."

Akaenda kuvua viatu. Tumeishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tumelea watoto, tumezika wazazi wa pande zote mbili. Mpaka leo hajauliza kilikuwa kimechafuliwa na nini.