Matofali Mazima ya Masanja

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa stoo ya saruji pale Ngokolo, Shinyanga mjini, na nikagombezwa kabla sijaufungua mlango vizuri. Tulikuwa tunajenga nyumba za watumishi. Msimamizi wa Ujenzi, mzee mkali asiyejua kucheka, aliniuliza kwa nini mifuko imelala sakafuni. Nikamjibu kwamba nimeikuta hivyo.

"Umeikuta, sasa iondoe," akasema.

Saruji hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka. Ikivuta unyevu inaganda, na hapo umenunua jiwe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba taka nyingi za ujenzi si taka. Nondo ndefu zikatwe kwanza, vipande vibaki kwa ringi, yaani vyuma vya kuzungushia nondo za nguzo. Matofali yaliyovunjika yapondwe, yashindiliwe chini ya sakafu. Mbao zinazoshikilia zege zing'olewe misumari, zitumike tena. Kitakachobaki kabisa wapewe majirani, mchana, getini, kila mtu akiona. "Jirani akipata, hakuibii," alikuwa akisema. Nikaamini ndivyo kazi ilivyo kila mahali. Ujinga wangu.

Miaka ikapita, nikaenda kwenye mradi wa nyumba nje kidogo ya Rwamgasa, mkoani Geita, chini ya Meneja wa Mradi, bwana mpole wa sauti ya chini. Pale nondo zilikatwa ovyo na matofali yalimwagwa kutoka kwenye lori kama viazi. Mabaki yakawa kilima.

Masanja alikuwa kibarua wa kuchanganya zege. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, na mvua ilikuwa imekula msingi upande wa chumba walicholala watoto. Akanijia kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Neema. Naomba matofali yaliyovunjika tu. Mazima siyataki, mama."

Nikaenda naye kwa Meneja.

"Leo vipande vikitoka getini, kesho watavunja mazima makusudi," Meneja akasema.

"Basi tugawe sisi wenyewe, mwenyekiti wa kijiji akiwepo," nikamwambia.

"Fukieni. Sitaki maneno."

Mtu yeyote aliyewahi kukaa Geita angemkataza. Kule watu wanaponda magwangala, mawe ambayo migodi mikubwa ya dhahabu imeyatupa, na wanapata humo hela ya unga. Ukifukia kitu mbele yao, umewaonyesha pa kuchimba. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatabasamu, akaita mtambo wa kijiko uchimbe shimo. Masanja alikuwa miongoni mwa vibarua waliosawazisha udongo juu yake.

Mvua zilipoanza tena, Masanja akarudi pale na sururu, akachimba, akashuka kama mchimbaji wa dhahabu anavyoshuka duarani, kwenye shimo lake. Lakini duara la mgodi lina mwamba unaojishikilia. Udongo wa kufukia ulikuwa bado haujashika, na ulikuwa umelowa. Ukamwangukia. Tulipofika alikuwa ameshakufa. Vipande alivyokwisha kuvitoa alikuwa amevipanga vizuri pembeni, vikubwa chini, vidogo juu.

Baba yake akaja kuomba matofali ya kujengea kaburi. Safari hii Meneja hakusita.

"Mama Neema, mpe mzee mazima. Na saruji mpya."

Nikafungua stoo, nikatoa. Sijawahi kuuchukia ufunguo kama siku ile. Mzee akayatazama matofali muda mrefu.

"Wabeja, mama," akanishukuru kwa Kisukuma. "Ila yeye aliomba vipande."

Sasa nimestaafu, niko Ngokolo. Vijana wa ujenzi hunijia kuuliza namna ya kupunguza upotevu wa vifaa. Nikiwaeleza habari za mbao na saruji wanaandika. Nikifika kwa Masanja wanaweka kalamu chini, wananipa pole, wanaaga. Meneja, nasikia, alipandishwa cheo kwa kuacha eneo safi. Inaniuma, na sioni sababu ya kusema imeshapita.

Karibuni nilikwenda Rwamgasa kwenye msiba mwingine, nikapitia kwa mjane wa Masanja. Kaburi lipo nyuma ya nyumba, halina hata ufa. Chumba cha watoto kilishaanguka, naye amekiziba kwa turubai.