Ndengu Zisizo na Risiti

Tangu asubuhi kiti cha Veronicah kilikuwa hakikaliki. Yeye ndiye mtunza seva za ushirika wa maziwa mjini Embu, na meneja wake, Gachoki, alikuwa ameleta ripoti: Linux, mfumo unaoendesha seva zao, karibu haina watumiaji. Basi wahame.

“Ripoti imehesabu nini?” Veronicah aliuliza, akizunguka meza.

“Mifumo iliyouzwa.”

“Yetu tuliinunua wapi? Tuliipakua bure mara moja, tukaiweka kwenye mashine tisa. Nani alituhesabu?”

Gachoki alipekua tena kurasa za ripoti.

“Mama yangu kule Ishiara hupanda ndengu za mbegu yake mwenyewe. Muulize mwenye agroveti, anayewauzia wakulima mbegu, atakuapia huyo si mkulima. Na ndengu unazokula hapa kila mchana, bosi, ni zake.”