Gorogoro ya Chini ya Meza

Juzi sokoni Amagoro niliona gorogoro, kopo la kupimia mahindi, ambayo kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani, ili ipime kidogo kuliko inavyoonekana. Papo hapo nikasikia harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani.

Mama yangu aliuza omena Busia, na alikuwa na gorogoro mbili. Ile iliyobonyea ilikaa chini ya meza, ya wateja wa kutoka ng'ambo, Uganda, kwa sababu hao hawangevuka mpaka kurudi kulalamika. Alasiri moja alienda mazoezi ya kwaya akaniachia meza.

Mwalimu wetu wa Sunday school alikuwa amesema dhamiri ni sauti ya Mungu ndani ya mtu. Nilidhani ni sauti kabisa, ya kusikika kwa masikio. Kwa hiyo alipokuja mama mmoja Mganda mwenye mtoto mgongoni, nilimpimia kwa ile ya chini ya meza huku nimetega sikio. Sikusikia kitu, ila omena zikichakarika kuingia mfukoni.

"Webale nyo, mwanangu," akashukuru, akaenda.

Mama aliporudi alinikuta nimejikunja.

"Mama, tumbo linaniuma."

"Umekula nini?"

"Sijakula. Nimeuzia tu mama mmoja wa Uganda."

Mama aliitazama gorogoro iliyokuwa bado mkononi mwangu, akaichukua. Kisha akaokota jiwe, akalitumbukiza ndani yake, akagonga na kugonga mpaka kitako kikatoka nje.

Nilikasirika sana. Mimi naumwa, yeye anatengeneza gorogoro.