Kasi Niliyoipata Gungu

Mwalimu aliyenifundisha kupiga dramu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa Kibirizi, na alifundisha kama watu wanavyopepeta dagaa: alikurusha juu, akangoja kuona kama utabaki kwenye ungo. Ujanani alikuwa amepiga kwenye bendi za dansi, huku na ng'ambo ya ziwa. Alirudi Kigoma na mikono mizuri na mdomo mbaya.

Kwaya yetu ilikuwa imebaki bila mpigaji. Aliyekuwepo alihamia Mwanza, dramu za kanisa zikakaa miezi zimefunikwa shuka, na tamasha la kwaya za mkoa lilikuwa linakaribia. Mwenyekiti wa kwaya akamwomba mwalimu atutengenezee mtu mmoja. Tukajitokeza wawili.

Mmoja ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, fundi cherehani kwenye kibaraza pale Gungu, na nilikuwa nimechoka kuimba sauti ya pili nyuma ya wanawake warefu. Wa pili alikuwa kijana mfyatua matofali wa Kidahwe, mtoto wa familia iliyotoka Burundi kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye viganja vipana kama makasia. Aliniita dada tangu siku ya kwanza, na mimi sikumwita chochote.

"Kiti ni kimoja," mwalimu alituambia. "Sifundishi watu wawili. Nafundisha mmoja, na mwingine namfukuza polepole."

Tulianza bila dramu. Kila mmoja alipewa ubao uliovutiwa juu yake kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na jozi ya vijiti. Kazi ilikuwa moja tu: kulia mara mbili, kushoto mara mbili, bila kusimama, tukifuata simu ya mwalimu iliyokuwa na programu ya kugonga mapigo. Ka, ka, ka, ka. Namba ikipanda kwenye kioo, mapigo yanakimbia. Mtu akiweza hivyo kwa kasi, alisema, mengine yote yatakuja yenyewe.

Mimi nilishika vijiti kama ninavyoshika mkasi wa kukatia suti, kwa ngumi. Pigo la kwanza lilitoka, la pili likafa.

"Unatwanga majani ya sombe?" mwalimu aliniuliza. "Au unampiga mume aliyekukimbia?"

Wanakwaya waliokuwa wanafagia kanisa walicheka. Kweli mume alikuwa amenikimbia, na wote walijua.

Nilipoinua kiwiko, alikigonga kwa kijiti chake, palepale penye mfupa. Siku nyingine alinifunga mikono yangu ya juu kwenye mgongo wa kiti kwa kanga, ili vifundo vya mikono peke yake vifanye kazi. Aliweka dagaa mbichi mmoja juu ya kila kiganja changu, upande wa nje. Dagaa akianguka, ninaanza upya. Nilianza upya mpaka nikanuka shombo hadi kwenye nguo za wateja. Malengelenge yalipopasuka kati ya kidole gumba na cha shahada, aliniletea bakuli la maji ya chumvi na kunilazimisha kuzamisha mikono, huku akisema ngozi ya fundi cherehani ni ngozi ya mtoto mchanga.

Jumamosi moja alituita Kibirizi asubuhi, mitumbwi ikishusha. Alitusimamisha ziwani maji yakiwa kiunoni, tugeuzegeuze vifundo chini ya maji, vijiti mkononi, kwa muda aliotaka yeye. Wapagazi wakaweka mizigo chini ili watazame. Mimi sketi ilielea ikanizunguka kama jani la yungiyungi, nikalia kimyakimya. Kijana wa Kidahwe alijisogeza akasimama kati yangu na wale watu ili wasinione.

Yeye alikuwa anaenda haraka. Mwezi wa kwanza ulipoisha alikuwa anapiga kwa mia na thelathini, mimi bado natambaa kwa tisini. Mwalimu hakumsifu, ila alikuwa anafunga macho akimsikiliza.

Siku moja tulibaki wawili barazani mwa kanisa, yeye akingoja gari la Kidahwe. Aliniangalia nikihangaika na ubao wangu, halafu akasema kwa lafudhi yake, "Dada, buhoro buhoro, polepole. Unakisukuma kijiti mara mbili. Usikisukume. Kitupe mara moja, kitarudi chenyewe. Kikirudi, kipokee kwa vidole."

Alinishika mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja mpaka kijiti kikawa kimelala kati ya gumba na cha shahada tu, vile vingine vikikigusa kwa chini kama watu wanaoshika mtumbwi usiende. Pigo la kwanza la kifundo. La pili la vidole. Nikajaribu. Kijiti kikaruka, kikarudi, nikakibana kidogo, na pigo la pili likatoka safi kuliko la kwanza. Nilicheka kwa sauti. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye mia na ishirini.

"Nani kakuonyesha?" mwalimu aliuliza.

"Nimegundua mwenyewe," nilijibu. Kijana alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Aliinama kufunga kamba za viatu.

Jioni hiyohiyo, tukingoja gari, aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Asubuhi akiamka vidole vya mkono wa kulia vinakuwa na ganzi. Gumba, cha shahada, cha kati. Hata kikombe kinamponyoka. Akipiga muda mfupi hakuna shida, hata kwa kasi kubwa. Akipiga muda mrefu bila kupumzika, mkono unaanza kuwaka, kisha unakuwa si wake.

"Usimwambie mwalimu," alisema. "Atanifukuza."

"Siwezi kumwambia," nilisema, na kweli sikumwambia.

Jumamosi moja kabla ya tamasha, mwalimu aliita kwaya nzima ije kutazama. Aliweka viti kwa mduara, ile ngoma ndogo ya mbele tunayoiita snea ikawa katikati. Akatueleza kanuni yake. Mmoja anapiga, mwingine anashika simu. Mwenye simu ndiye anayeamua apandishe namba lini na kwa kiasi gani. Mpigaji akiharibu au akisimama, zamu yake imekwisha. Atakayekaa muda mrefu zaidi, kiti ni chake.

"Mtafundishana nyinyi wenyewe," alisema, akakunja mikono.

Nilianza mimi. Kijana alishika simu. Kila alipotaka kupandisha alinitazama kwanza bega, na bega likiwa juu alingoja lishuke. Alinipandisha kwa namba mbili, namba tatu, kama mtu anayemvusha mgonjwa mtoni. Nilifika mia na arobaini, mahali ambapo sikuwahi kufika, kabla kushoto kwangu hakujakwama. Wanawake walinipigia vigelegele. Yeye pia alipiga makofi.

Kisha akakaa yeye, nami nikashika simu.

Kila mtu alidhani nitampandisha haraka ili aanguke. Nilimweka mia na kumi. Kwa mikono yake ile ilikuwa kasi ya kutembea. Alitabasamu akingoja nipandishe. Sikupandisha. Dakika zilipita. Wanakwaya wakaanza kunong'ona, mmoja akasema, "Mbona unambembeleza mwenzio?" Nilikuwa natazama gumba lake.

Kwanza alikunja midomo. Kisha akaanza kuinua macho kunitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Alikuwa ananiomba nimpandishe, au nimwangushe, chochote kitakachomaliza. Niliinamisha kichwa kama mtu anayesoma. Jasho lilimtoka likadondokea ngozi ya snea, na kila pigo lililirusha. Mwalimu aliniangalia, akaangalia ule mkono, na nikaona amefahamu. Angeweza kusema basi. Alisogeza kiti chake mbele ili aone vizuri.

"Dada," kijana alisema.

Simu iligonga. Ka, ka, ka, ka.

"Dada, tafadhali."

Kidole cha shahada kilifunguka chenyewe, kama mlango uliosahauliwa komeo. Kijiti kilimtoka, kikabingirika hadi miguuni kwa waimba sauti ya nne. Hakuwa amefikia hata nusu ya muda wangu. Mmoja wa waimbaji wa nyuma akapaza sauti, "Mrundi kashindwa ngoma!" Kanisa zima likaangua kicheko. Huku kwetu, kumwambia Mrundi ameshindwa ngoma ni kama kumwambia Muha hajui kulima. Mimi nilikuwa na nafasi ya kunyamaza angalau hapo. Nilicheka pamoja nao, tena nilikuwa wa mwisho kuacha.

Alijaribu kuokota kijiti kwa mkono wa kulia, kikamponyoka. Akakiokota kwa kushoto, akakilaza juu ya snea taratibu, akaufunika mkono kwa sweta, akatoka. Hakurudi tena.

Ningependa kuandika kwamba sikulala. Nililala vizuri sana. Kwenye tamasha nilipiga nikiwa nimevaa vitenge vipya nilivyojishonea, na mama mmoja wa kwaya ya Ujiji alikuja kunishika mikono akisema hajawahi kuona mwanamke mwenye kasi kama ile. Mwalimu alipopita aliniambia tu, "Wimbo wa tatu ulichelewa," akaenda zake. Hata hilo halikuniuma. Nilikuwa na furaha karibu mwaka mzima.

Masika yaliyofuata, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha bluu alikuja kibarazani kwangu na mfuko wa mashati. Tulisalimiana. Aliniambia ametoka Kidahwe, na mwanawe aliwahi kumwambia kuna dada Gungu, fundi, aliyekuwa akikaa naye kanisani jioni mpaka apate gari.

"Alikusifu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akatoa mashati manne. Alitaka nitoe vifungo vyote, niweke ule utepe wa kunata unaowekwa kwenye mabegi ya shule. Nikamuuliza kwa nini, ingawa nilikuwa nimekwisha kuhisi jibu.

"Hawezi kufunga vifungo. Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa hapa," akajigusa kifundo cha mkono. "Angepumzika mapema mkono ungepona. Lakini mwana wangu alifyatua matofali, alipiga ngoma, akaficha. Sasa nyama ya chini ya gumba imekwisha. Pamebonyea."

Nilijiambia kwamba mchana mmoja hauui mkono. Nilijiambia kuwa ni matofali. Huenda ni kweli. Hakuna daktari atakayeniambia zile dakika zilikuwa na uzito gani. Nilikaa siku mbili nikichomoa vifungo kwa wembe. Siku ya tatu, badala ya kungoja mama afuate mzigo wake, nikapanda gari nikaupeleka mwenyewe.

Nilimkuta kijana amekaa nje ya nyumba kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. Hakushtuka.

"Karibu, dada," alisema. "Umefika ngapi sasa?"

Sikuelewa mara moja kwamba anauliza kasi. "Mia na sitini," nikasema.

"Bega la kushoto unaliinua bado?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa kama mwalimu asiyeridhika. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilikuwa nimeipanga vizuri njiani, maneno mengi, yote yakaishia hapo.

"Kula kwanza," akasema.

Mama alileta ugali wa muhogo na migebuka ya kuchemsha. Alipokuwa anatunawisha, kijana alisema bila kupandisha sauti, "Mama, huyu ndiye aliyeshika simu." Mama alikuwa ananimiminia maji. Hakuinua macho, wala hakuacha kumimina. Aliendelea mpaka birika likaisha, maji yakiniteremka kwenye sketi na kujaa viatuni, na mimi sikuthubutu kuondoa mikono.

Kisha tukala. Kijana alikula kwa mkono wa kushoto. Mama alimmegea tonge, akamchambulia samaki miiba, akimpangia pembeni ya sahani kama anavyofanyiwa mtoto wa miaka mitatu, mwanamume wa miaka ishirini na sita mwenye ndevu. Mkono wa kulia ulilala pajani, kiganja juu, na niliuona ule mbonyeo chini ya gumba. Nilipotazama pembeni, alisema, "Hapana. Tazama hapa."

Nikatazama. Nilikula chote nilichowekewa.

Tulipomaliza aliangalia mashati, akafungua utepe wa shati moja, akaufunga, akaufungua tena. "Umeshona vizuri," alisema. "Lakini sikusamehe. Nilitaka tu ule ukiniona."

Mama alinisindikiza hadi mwanzo wa njia, kwa desturi. Nilisimama kando ya barabara ya Kasulu viatu vikiwa na maji, gari likachelewa sana.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu nikapiga nyimbo nne. Sikukosea hata pigo moja.