Dada Yangu Ananunua Gari Letu, na Difu ya Nyuma Ni Ganda Tupu

Ukurasa huu umeficha majina ya wengi, naomba ufiche na langu, kwa sababu mume wangu pia huusoma na huwa wa kwanza kuwacheka watu wenye shida. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wawili, nauza mboga na naishi Free Area hapa Nakuru. Mume wangu si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema ili msikimbilie kuniambia niachane naye, maana nawajua mlivyo wepesi wa kuachanisha watu.

Tuna minivan ya four-wheel, ile ambayo magurudumu yote manne huvuta. Mume wangu alikuwa akibebea watalii, na kazi hiyo ilipokufa kwa vurugu za uchaguzi mwanzoni mwa mwaka huu wa 2008, tukaanza kubeba viazi na kabichi kutoka Molo. Mnayajua matope ya Molo. Huko mwenye pickup huvalisha nyuma tairi kubwa zenye meno, na mume wangu akaona hiyo ni akili. Akaazima mbili za pickup ya kakake, akazifunga nyuma, mbele akaacha zile zetu ndogo, vipara. Nilipomuuliza kama hazitadhuru gari, aliniambia nishughulike na sukuma wiki.

Gari likaanza kulia nyuma. Mwanzoni kidogo, halafu kama posho mill isiyo na mahindi, na tukipiga kona lilikuwa linashtuka. Siku moja tukipanda kilima na mzigo, kitu kikapasuka chini na mafuta meusi yakamwagika barabarani. Difu ya nyuma, lile bonge la meno linalozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imekwisha. Fundi alituambia gari la aina hiyo halitaki tairi zisizolingana, kwamba mbele na nyuma zilikuwa zikishindana kila siku mpaka difu ikasagika. Nyingine, hata ya mtumba, ilitushinda bei. Basi akatoa meno yote ya ndani, akarudisha ganda tupu, akaondoa na ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Sasa linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Kwenye lami huwezi kujua. Kwenye matope linakwama hata likiwa limenibeba mimi tu, na mimi si mnene kivile.

Shida yenyewe ni hii. Dada yangu mkubwa ameolewa Olenguruone, juu kabisa, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara inakuwa uji. Mwaka jana uchungu ulimshika wakati wa mvua, gari walilokodi likakwama, na mtoto akafia njiani. Nilienda kukaa naye baada ya mazishi. Hakuwa analia tena, alikuwa akiiangalia tu ile barabara. Sasa ana mimba nyingine, na mume wake ameuza ng'ombe ili apate gari la four-wheel kabla siku za kujifungua hazijafika. Mume wangu aliposikia hivyo, alimwambia shemeji asihangaike kutafuta mbali, atamuuzia letu.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Shemeji aliliendesha kwenye lami, akarudi akitabasamu. Nilikuwa nimemwomba Mungu aje na fundi, maana fundi yeyote akiinama mara moja angeona shafti haiko. Lakini kwetu hukagui kitu cha mtu wa nyumbani. Kuleta fundi kwa gari la shemeji yako ni kama kumwambia usoni kwamba yeye ni mwizi. Alisema hivyo mwenyewe akinywa chai yangu: "Nilete fundi ya nini, na hapa ni kwetu?"

Mume wangu akacheka, akamjibu, "Hii ni four-wheel, boss. Huko kwenu itapanda bila kuomba ruhusa."

Niliingia jikoni nikajifanya nakata vitunguu. Dada akanifuata, akaniambia siku yake ikifika atafurahi nikiwa ndani ya hilo gari pamoja naye.

Walipoondoka nilimkabili mume wangu. Alisema gari si linatembea, na kwamba akipata kazi tena atawanunulia difu polepole. Alisema mwanzoni mwa mwaka jirani na jirani waliogopana, familia yetu ikabaki imeshikana, na sasa mimi nataka kuivunja kwa sababu ya spea. Halafu akaongea kwa upole, na upole huo ndio ulioniogopesha kuliko kelele. "Ukiwaambia, mimi na wewe tumemalizana. Sikutishi, nakuambia tu."

Namwamini. Huyu si mtu wa kusema maneno bure. Nikifungua mdomo nitajipata barabarani na watoto wawili na gunia la kabichi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliimba hiyo methali tangu shule nikidhani inasema juu ya watu wengine. Leo chawa aliye katika nguo ya dada yangu ni mimi.

Jumamosi wanakuja kulichukua gari. Jana jioni dada alinipigia simu, na nilisikia mvua ikipiga mabati ya kwao.

"Unasikia vile inanyesha?" akaniuliza. "Mwaka jana ningekuwa nalia. Sasa wacha inyeshe."

Nikamwambia alale salama. Wapendwa, nimeshika simu hii tangu asubuhi na jina lake liko mbele yangu. Ninyi mlio na dada na mlio na ndoa, nipeni neno la kwanza la kumwambia, mengine nitayamaliza mwenyewe.