Ekseli ya Mama Madebe

Barabara nzima ya mlimani inamwita Mama Madebe, na ukitaka kujua kwa nini, amka mapema. Utayasikia madebe matupu ya maziwa yakigongana nyuma ya lori lake kabla hujaliona lori lenyewe. Anapanda nayo matupu, anakusanya maziwa ya wafugaji kituo kimoja baada ya kingine, kisha anashuka nayo kiwandani yamejaa na yamenyamaza kimya.

Alianza kama utingo wa lori hilohilo. Mwenye lori alipolichoka, akamwuzia kwa malipo ya kidogo kidogo, na watu wakacheka: mwanamke mfupi vile, mguu utafika kwenye klachi? Ulifika. Mume wake ni fundi cherehani, akamshonea mto wa kuweka mgongoni, klachi ikawa karibu kama kandambili.

Shida ilikuwa miguu ya lori. Lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele yalikuwa abiria tu, kazi yao kukata kona. Wakati wa jua hakuna neno. Mvua zikianza, mlima ule unageuka sabuni. Msimu uliopita Mama Madebe alikwama mpaka akawa anawajua konokono wa mtaroni, na maziwa yakachachuka akiyaangalia. Meneja wa kiwanda alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia bila ukali wowote:

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini mvua za safari hii, siku ukishindwa kufika kituo cha juu, njia hiyo nampa mwenye lori linalovuta kwa miguu yote minne. Maziwa hayasubiri."

Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali. Ukali unaweza kuubishia.

Kununua lori la aina hiyo asingeweza, hata angeuza nyumba pamoja na paka. Ila shemeji yake, mdogo wake mume, ni fundi wa magari, na ndiye aliyemtia wazo kichwani. "Kwani shemeji, lori linazaliwa hivyo? Si tunalibadilisha tu?"

Tumbo la lori, ukijilaza chini ukalitazama, utashangaa jinsi linavyoeleweka. Injini inazungusha gia, gia inazungusha bomba refu linaloitwa propela, na propela inaingia kwenye bonge la chuma lililo kwenye ekseli ya nyuma. Bonge hilo ndilo difu, nayo ndiyo inayogeuza ule mzunguko uende kwenye magurudumu. Ekseli ya mbele ya Mama Madebe haikuwa na bonge, ilikuwa chuma kikavu tu. Kwa hiyo walihitaji ekseli nyingine ya mbele yenye difu yake, na transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu ya injini, nyingine iende nyuma, nyingine mbele.

Pesa zilitoka kwenye akiba, na akiba haikutosha. Mume wake akauza mashine ya kudarizi, ile aliyokuwa akiipangusa kila jioni kama mtoto aliyetoka kuoga. Alisema neno moja tu: "Maua yatasubiri."

Bajeti waliipanga gerejini, kwa chaki, kwenye mlango wa bati. Shemeji aliandika kwa raha zake: matairi makubwa, springi mpya za kunyanyua, winchi, taa za juu.

"Shemeji," Mama Madebe akauliza, "hizi taa za juu za nini?"

"Mwonekano."

"Nani ananiona? Maziwa?"

Akazifuta kwa kiganja. Akafuta na winchi. Shemeji akashika kichwa.

"Winchi je? Ukikwama?"

"Si ndiyo nalipa nisikwame? Unanijengea nyumba halafu unaniuzia na hema?"

Matairi yakabaki ya zamani, mpaka yaishe yenyewe. Springi zikaongezwa jani moja moja la chuma badala ya kununuliwa mpya. Halafu Mama Madebe akachukua chaki, akagawa pesa yote: nusu iende kwenye ekseli na transfa, robo kwenye breki, propela na kuchomelea, na robo ya mwisho akaizungushia duara.

"Hii haiguswi."

"Ya nini sasa?"

"Ya siku utakayonipigia simu useme, 'Shemeji, kuna kitu kidogo.'"

"Yaani umeniweka mimi kwenye bajeti!"

"Na wewe ndiye gharama kubwa kuliko zote."

Transfa ilipatikana mapema, nzuri, kutoka gereji ya rafiki wa shemeji. Mdomo wake wa kupeleka nguvu mbele ulikuwa upande wa kulia, kwa sababu katikati injini imejaa tele. Hapo ndipo sheria kubwa ilipozaliwa, na shemeji aliirudia kama mtu anayefundisha kasuku: difu ya mbele lazima iwe kulia. Ikiwa kushoto, propela itabidi ipite ndani ya injini, na injini haitakubali.

Siku ya kwenda kuchagua ekseli, shemeji hakuweza kutoka. Mteja mmoja alikuwa amekuja na kiti chake gerejini, ameapa hanyanyuki bila gari lake. Mama Madebe akaenda na mumewe kwenye yadi ya vyuma chakavu, na tepu ya kupimia nguo mfukoni.

Mwenye yadi wanamwita Sumaku, maana hakuna chuma kinachompita. Ekseli zilikuwa zimelala kwenye nyasi kama mamba wanaoota jua. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye moja iliyopakwa rangi nyeusi, inang'aa.

"Hii hapa. Bibi harusi."

Mume akapima upana kwa tepu, toka bega hadi bega, kwa mazoea akataka kupima na kiuno. Upana ukakubali. Ikabaki mizunguko. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziende hesabu moja; moja ikikimbia na mwenzake ikitembea, zitavutana mpaka gia zivunjike meno. Nyumbani walishalipiga lori jeki na kuhesabu ya nyuma. Sasa Mama Madebe akashika gurudumu la upande mmoja, Sumaku la pili, wakazungusha pamoja mzunguko mmoja, na mume akaangalia alama ya chaki kwenye mdomo wa difu.

"Inazidi," akasema. "Hii inazunguka zaidi ya yetu."

"Kidogo tu hicho!" Sumaku akasema. "Itazoea."

"Itazoea vipi, ni ndoa hii?" Mama Madebe akafuta mikono. "Nionyeshe nyingine."

Ya pili ilikuwa imeiva kutu. Vile vikalio ambavyo springi hukalia vilikuwa vimekatwa kwa gesi, vikabaki makovu tu. Haikuwa na sura. Lakini upana ulikubali, na mizunguko ikakubali mara mbili. Mama Madebe akasimama nyuma yake, pale mdomo wa difu unapotazama, kama mtu aliyekaa ndani ya lori akiangalia mbele. Akanyoosha mkono wa kulia. Difu ilikuwa palepale mkononi. Akalipa. Sumaku akahesabu, akasema maneno aliyomwambia kila mteja tangu afungue yadi: chuma kikitoka getini hakirudi.

Vijana wa yadi waliibingirisha kwenye pikapu, na gerejini ikabingirishwa tena mpaka chini, puu! Shemeji akaja anarukaruka kwa furaha, kitambaa begani. Akaizunguka. Akasimama. Furaha ikamtoka usoni polepole, kama maji yanayokauka kwenye saruji.

"Shemeji, hebu njoo usimame hapa nilipo. Difu iko mkono gani?"

Akaja, akasimama, akaangalia.

"Kushoto."

"Ehee."

"Haiwezekani!" Akazunguka upande wa pili mbio. "Huku mbona iko kulia?"

"Huko ni mbele ya gari, shemeji. Utaendesha ukiwa umekaa kwenye bampa?"

"Basi Sumaku amenibadilishia! Yule mtu!"

Mume akainama, akapangusa kutu kwa kidole. Alama ya chaki aliyoiweka mwenyewe kule yadi ilikuwa palepale. "Ni hiihii," akasema taratibu. Na kusema kweli, huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Kama kuna mwizi unamfuata. Kama ni macho yako yamekudanganya, unamfuata nani?

Mama Madebe akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kurudi kule yadi kwa mawazo. Nilisimama wapi? Nilinyoosha mkono upi? Mkono wa kulia aliutazama kama mtu ambaye hajawahi kuuona. Nje, mawingu yalikuwa yanakusanyana juu ya mlima. Ile robo ya duara isingenunua ekseli nyingine hata nusu yake.

"Si tuigeuze tu juu chini?" mume akauliza. "Difu itahamia kulia."

"Kaka, wewe kata suruali." Shemeji hakuwa hata na nguvu za kumcheka. "Ukiigeuza juu chini, mzunguko nao unageuka. Nyuma inaenda mbele, mbele inarudi nyuma. Gari litagombana lenyewe kwa lenyewe mpaka lipasuke. Na tazama, hata oili inavuja. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa. Tumeuziwa mgonjwa na bado tumeuziwa kushoto."

Kweli, chini ya difu kulikuwa na oili inayodondoka, tone, tone, na kidimbwi cheusi kinachotambaa sakafuni. Mama Madebe hapendi kitu kinachomwagika. Amefundishwa na maziwa. Akanyanyuka kivivu, akachukua kopo, akapiga magoti alisukumie chini. Akainamisha kichwa aone tone linatokea wapi.

Halikutokea kwenye sili. Lilitoka kwenye kitundu chembamba chenye kikofia, kidogo kama kifuniko cha kalamu. Anakijua. Kwenye difu ya nyuma amekisafisha mara nyingi, kikiziba kwa matope. Ni kipumulio: difu ikipata joto, hewa ya ndani hutokea hapo.

Akakaa vilevile, magoti sakafuni, shavu karibu liguse oili.

"Shemeji."

"Naam."

"Kipumulio kinakaa juu ya difu au chini?"

"Juu. Kikikaa chini si oili yote ita..."

Hakumaliza. Alidondosha kitambaa. Akapiga magoti upande wake, wakatazamana chini ya chuma kama watoto waliojificha chini ya kitanda.

"Imelala kichwa chini," Mama Madebe akasema. "Imelala kichwa chini, wewe! Mmeibingirisha!"

"Yesu na Maria, vikalio!" Shemeji akajipiga paji la uso. "Wamekata vikalio vya springi! Ningejuaje juu yake ni ipi? Vingekuwepo nisingekosea hata nikiwa usingizini!"

"Usingizini ndiko ulikokuwa!"

"Shemeji nisamehe. Nisamehe mbele ya kaka."

Mume hakusubiri msamaha. Alishashika upande mmoja. Wakajipanga watatu, wakaikaba, wakaipindua kwa kishindo mpaka vibati vya gereji vikatetemeka. Oili ikaacha kudondoka palepale. Mama Madebe akaenda nyuma, akasimama wima, akafumba macho kwanza kwa sababu hakuthubutu kuyaamini tena. Akanyoosha mkono wa kulia. Akayafumbua.

Iko hapo.

Alicheka mpaka akakaa chini, na katikati ya kicheko machozi yakatoka bila ruhusa. Shemeji alikuwa amelala chali sakafuni na kifua kinapanda na kushuka. Mume alivua kofia, akajipepea. "Sasa naweza kula," akasema, na ndipo walipogundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyeonja chochote.

Wiki zilizofuata zilikuwa za cheche na kelele. Vikalio vipya vikachomelewa, safari hii shemeji akiwa ameandika JUU kwa chaki nyeupe, herufi kubwa kama za dukani. Breki zikashika. Mara tatu alipiga simu kusema kuna kitu kidogo, na mara tatu Mama Madebe akachota kwenye ile robo huku akimsema. Lori lilipopandishwa kwenye vigingi na gia kuingizwa, magurudumu yote manne yalizunguka upande mmoja. Mume aliyaangalia moja moja, akarudia tena, kisha akaridhika.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mama Madebe alifika kwenye ile kona mbaya, ambapo njia inapanda na kupinda kwa wakati mmoja, akasimama. Maji mekundu yalikuwa yanashuka kumlaki. Alivuta gia fupi ya transfa, ile ya kuamsha magurudumu ya mbele. Akaachia klachi pole, pole.

Nyuma lori likateleza, kama siku zote. Halafu mbele kukavuta. Alikisikia kwenye usukani, mikononi, kitu kipya, kama mtu aliyemshika vidole akimwambia njoo. Matope yakaruka hadi kwenye kioo. Lori likapanda. Halikukimbia, lilipanda tu, hatua kwa hatua, na madebe nyuma yakipiga kelele zao za kawaida, mpaka barabara ikalala tena tambarare na miti ya kituo cha juu ikaonekana.

Wafugaji walikuwa wamejikinga chini ya paa la bati, maziwa yao miguuni. Mpokea maziwa akaangalia saa, akaangalia lori lililogeuka rangi, akaangalia tena saa.

"Mama Madebe, umepitia wapi?"

"Barabarani. Kuna kwingine?"

Walipoanza kupakia, alikuwa amekusudia kumpigia mumewe simu. Aliishika hata mkononi. Lakini mwili ulishajua kwamba mambo yamekwisha, na ukaamua wenyewe. Kichwa kikaegemea mlango, usingizi ukamchukua mdomo wazi. Waliona, wakapunguza sauti, wakayapanga madebe taratibu bila kuyagonganisha. Lilipopanda la mwisho, mpokea maziwa akabisha kioo kwa ukucha.

"Amka mama. Kiwanda kinakusubiri."

"Nimeamka," akasema, macho bado yamefumba, na akawasha gari.